Kuhusu ile picha ya baiskeli

Lahti, Finland, Jumapili usiku

Kaka Majura,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Ujumbe wako wa kuomba hela ya bati za nyumba ya mama nimeuona, wa pili nimeuona, na ule wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu uliyodhani umeshazima simu. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu akijibu kwa hasira kwenye kundi la ukoo anasomwa mpaka na wakwe. Ndiyo maana nimekaa nikaandika barua, kama tulivyokuwa tunamwandikia baba akiwa Geita. Msomee mama. Pa kuruka nitakuambia.

Tuanze na picha. Nani alikutuma uirushe kwenye kundi? Nilikutumia wewe peke yako, nimevaa helmeti na suruali ya kubana, tope mpaka kwenye nyusi. Naamka kesho yake nakuta shangazi Kabula kaandika, "Ulaya yote hiyo, mwenzetu bado anakanyaga pedali!" Na baba mdogo kaigeuza bei ya baiskeli kuwa shilingi, kaianika hadharani, halafu chini yake kaweka nyumba ya mama haina paa. Hiyo bei kaipata duka gani? Ya kwangu nimeinunua kwa mtu, imetumika, euro 900, na nimeilipa kidogo kidogo miezi sita. Mpya za aina hii watu wananunua euro elfu tatu na zaidi. Mwambie ahesabu na hizo.

Halafu shangazi anasema "bado". Bado kitu gani? Mimi sikuwahi kukanyaga pedali kwetu Bukindo, kisiwani Ukerewe, na unajua kwa nini. Wewe ulifundishwa kwenye Phoenix ya baba, unapenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu siti huifikii, ukaenda kuparamia mitungi ya mama Bwire, na hakuna aliyekugusa. Mimi nilishika hendo tu nikaambiwa mtoto wa kike haendeshi, ataharibika. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye keria, miguu upande mmoja, ndoo ya dagaa mapajani. Nimejifunza nikiwa na miaka 34, kwenye uwanja wa kuegesha magari, nimeshikiwa siti na mtoto wa jirani wa miaka tisa. Kwa hiyo leo mniache nijisifu.

Jumamosi nimeendesha kilomita 104. Mia na nne! Kwa siku moja, bila kupanda gari hata hatua moja.

Na si barabara za lami. Huku kuna watu wanazikimbia lami kwa makusudi, wanatafuta changarawe. Baiskeli zao zina usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tairi nene kidogo na halijazwi upepo likawa gumu, maana likiwa gumu kokoto zinakurusha. Ndani halina tyubu, linamiminwa maji mazito kama maziwa. Mwiba ukiingia yanaziba tundu yenyewe, wewe unaendelea na safari. Fundi Magesa pale Nansio akisikia hivyo atafunga banda. Mwambie pia Juma anayekesha akiangalia mbio za magari: yule dereva Valtteri Bottas kwao ni Nastola, hapa hapa jirani, na mashindano ya baiskeli za changarawe ya hapa Lahti yana mkono wake. Njia ninazopita mimi ndizo hizo hizo. Ila mimi nasimama kula.

Mji wenyewe umekaa kwenye mgongo mrefu wa mchanga na kokoto, wanauita Salpausselkä. Miaka kama 12,000 iliyopita hapa palikuwa ukingo wa barafu kubwa, na barafu ikiyeyuka ikawa inamwaga hapo kila ilichokuwa imebeba. Sasa wao wanachimba kokoto kwenye migongo ya namna hiyo na kuzimwaga barabarani. Kiangazi wanazinyunyizia chumvi ya kushika vumbi. Aprili theluji ikianza kuyeyuka barabara hizo hizo zinakuwa uji, malori mazito yanazuiwa kupita, na mimi nikiona vile nacheka, maana nimeuona wapi uji huo kama si Ilangala wakati wa masika? Hata wazungu wana masika yao.

Nilitoka alfajiri, nikafuata ziwa Vesijärvi mpaka Vääksy. Pale pana mfereji wa mwaka 1871 unaounganisha ziwa hilo na jingine kubwa zaidi, Päijänne. Maziwa yenyewe hayalingani, moja liko juu ya jingine karibu mita 3. Mashua inaingia kwenye chumba cha maji, mlango unafungwa nyuma, maji yanapunguzwa taratibu, mlango wa mbele unafunguliwa, inatoka iko chini. Nilikaa pale nusu saa nikila mkate kama mtoto anayeangalia lori linashusha mzigo. Halafu nikaingia Pulkkilanharju. Hapo ni lami, sikufichi, lakini ni utepe wa nchi umepita katikati ya Päijänne, maji kushoto, maji kulia, misonobari inanukia ile harufu ya msitu wa Rubya mvua ikikatika. Visiwa vimeshikanishwa kwa madaraja. Hakuna kusubiri kivuko, hakuna kuulizana kama leo kimejaa. Nikamkumbuka mama, kwamba tangu kivuko chetu kilipozama 2018 akivuka anafumba macho mpaka mwisho. Nililia kidogo pale darajani. Jasho lilikuwepo, hakuna aliyejua.

Maji ya ziwa hilo yanapelekwa mpaka Helsinki kwa handaki lililotobolewa ndani ya mwamba, kilomita 120, tangu 1982. Nilipowaambia kazini kwamba na sisi maji ya ziwa letu yanafika mpaka Shinyanga na Kahama walifurahi sana. Kwamba nyumbani bado tunateka kwa ndoo sikuwaambia. Mtu hafungui kabati la mama yake mbele ya wageni.

Kurudi nilizungukia Kalkkinen, mahali ziwa linapotoka likawa mto, kama Nile pale Jinja, ila dogo dogo. Maji yanakimbia meupe, wavuvi wamesimama humo humo kiunoni, na wengine samaki wakimpata wanamrudisha majini. Usinicheke, nimeona kwa macho yangu. Baada ya hapo msitu, msitu, msitu. Nyumba moja, kisanduku cha barua, msitu tena. Huku mwenye msitu hana ruhusa ya kukuzuia kupita kwa miguu wala kwa baiskeli, na matunda ya porini ni ya anayeyachuma, mradi usiguse miti yake wala usimsogelee uani. Nilichuma hayo wanayoyaita mustikka kopo zima. Yanapaka ulimi rangi kama zambarau. Kuna vibanda vya miti wameviacha wazi upande mmoja, kuni zimepasuliwa zinakusubiri, unachemsha chai, unazima moto, unakwenda. Wewe na mimi tulikimbizwa mara ngapi kwa mzigo mmoja wa kuni?

Njia hii alinichorea bibi mmoja ninayemhudumia kazini, ana miaka 91, siku nyingine hajui jina langu lakini vilima vyote anavijua. Anasema akiwa msichana aliendesha kilomita ishirini kwenda dansi na akarudi usiku ule ule. Nikamuuliza, baba yako alisema nini? Akanishangaa. Akasema, baba ndiye aliyepaka mnyororo mafuta.

(Kipande hiki usimsomee mama. Karibu na nyumbani niliteleza kwenye kona, kiganja kimechubuka na kifundo cha mkono kimevimba. Si kitu, kesho naingia kazini. Na ukitaka kujua kwa nini nimenunua baiskeli, ni Novemba ile ya kwanza. Jua linaondoka saa tisa na kitu alasiri, nami nalala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, wiki nzima silioni. Daktari aliniambia nitoke nje. Basi nimetoka.)

Endelea kusoma.

Bati. Umeomba milioni moja na laki nane. Nimetuma moja na laki mbili, zilizobaki mwisho wa Septemba, nimeshachukua zamu za ziada. Baiskeli siiuzi, na anayetaka kuiuza aje mwenyewe aichukue, njia anaijua sasa, mfereji, darajani, kulia.

Lakini humo nimeongeza elfu themanini, na hizo si za bati. Ni za baba mdogo. Anasema aliichukua Phoenix ya baba kwa sababu ya deni la turubai na viti vya msiba. Mimi sikumbuki deni hilo, mama halikumbuki, na wewe ulinyamaza siku inatolewa uani. Sikusemi, ila ulinyamaza. Mlipe, mbele ya mzee Masatu, aandike, asaini, na baiskeli irudi. Nasikia inabebea mihogo na rimu ya nyuma imepinda. Magesa aiangalie. Njiti abadilishe zote, tairi ni zile za 28 kwa moja na nusu, zimejaa Nansio, asikuambie zinatoka Mwanza. Keria asiiguse, hata kama imekula kutu.

Ikishapona mpe mtoto Neema. Kama siti haifikii, apenyeze mguu kama ulivyokuwa unafanya wewe, na mitungi ya mama Bwire nitalipa mimi.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri na nimenenepa mapaja.

Mdogo wako,
Nyangeta

N.B. Bati ni geji 30. Ukinunua 32, zile nyembamba, nitajua.