Mjomba, shubiri haitamtoa tumbili shambani

Shikamoo mjomba,

Nimesikia umeshatafuta shubiri ya kupaka mahindi ya bondeni, ili tumbili wakionja uchungu wasirudi tena. Kabla hujachanganya ndoo ya kwanza, nisikilize mpwa wako. Jambo hili limeshajaribiwa, tena kwa mahindi na mshubiri huo huo, na tumbili wenyewe ni wa jamii moja na hao wanaokunyima usingizi.

Ilikuwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, katika hifadhi ya Mawana. Mtafiti Erica van de Waal na wenzake walichukua makundi manne, tumbili 109 kwa jumla, wakawa wanayawekea masinia mawili ya mahindi: moja limetiwa rangi ya waridi, jingine bluu. Kwa makundi mawili, mahindi ya waridi ndiyo yaliyolowekwa katika majani ya mshubiri yakawa hayaliki; kwa mengine mawili, yale ya bluu. Baada ya muda kila kundi likawa na rangi yake.

Sasa ndipo utamu ulipo. Miezi ikapita, watoto wakazaliwa. Masinia yakarudishwa, safari hii hayana shubiri hata chembe. Wale watoto hawakuwahi kuonja uchungu wowote, lakini karibu wote walikula rangi ile ile ya mama zao. Kuna aliyeonekana amekalia mahindi ya rangi nyingine huku anakula ya kwao! Na unajua madume wakikomaa huhama kundi. Madume 10 walihamia makundi ya rangi tofauti. Kasoro mmoja tu, wote wakafuata waliyoyakuta kwa wenyeji. Huyo mmoja alifika akawa mbabe wa kundi papo hapo, nadhani hakuona wa kumfuata. Matokeo yalitoka mwaka 2013 katika jarida la Science.

Najua utasema: basi si ndivyo nitakavyo mimi, wakubwa waonje, wadogo warithi woga? Mjomba, wale tumbili walikuwa na alama ya kushika. Waridi chungu, bluu tamu. Shamba lako lote rangi moja. Tumbili akikuta bunzi chungu atalitupa, atavunja la pili, la tatu, mpaka apate uliloliruka. Kila analoonja ni hasara yako. Halafu mahindi yana maganda! Utapaka juu, yeye atamenya, ale punje safi ndani, na mvua ya usiku mmoja itaosha kilichobaki.

Isitoshe, si kila mnyama wa aina hii huacha chakula kwa sababu kina kitu kibaya ndani. Kule Unguja, karibu na msitu wa Jozani, kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, hula majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana kemikali za kuvuruga tumbo, kisha hutafuna mkaa. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walichunguza wakaona mkaa unazinasa kemikali hizo, kima akabaki na lishe ya jani. Tumbili wako si kima punju, hilo nalijua, ila sitaki uweke tumaini lote kwenye ladha.

Mimi ningetazama nani anamtazama nani. Van de Waal huyo huyo, katika jaribio la awali la mwaka 2010, aliona tumbili huzingatia na kujifunza zaidi kwa jike mkubwa wa kundi kuliko kwa dume mkubwa, na si ajabu, maana jike habanduki kundini. Wewe kila siku unarusha mawe kwa lile dume linalojitutumua kwenye mwembe. Liache. Kaeni asubuhi mbili tatu mumjue jike anayetangulia kushuka, na zamu ya mbwa na manati ianzie kwake, kabla hajatia mkono kwenye bunzi la kwanza.

Msalimie shangazi.

Mpwa wako