Kabla hamjaikwangua rangi ya gari ya mzee, jaribuni polishi kwanza

Ndugu Mhariri, asalaam aleykum. Naomba kinafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na wenye vyombo vya zamani hapa Unguja na Pemba, wenye Vespa za baba zao, Land Rover za shamba, Peugeot 404, Morris na zile Bedford chache zilobaki zinatembea, kabla hawajavipeleka kwa fundi rangi.

Maana skuizi kila nikipita naona chombo cha zamani kimeshakwanguliwa mpaka bati, kimetiwa filla, ile ya kuzibia mabonde, kimepulizwa rangi mpya kali, na mwenyewe anafurahi miezi miwili mitatu, ikija masika rangi inaanza kuvimba vipele kwa sababu ilipulizwa na unyevu umo ndani. Mie sisemi watu wasipige rangi, gari ni yako na pesa ni yako, lakini inaniuma kwa sababu nyingi ya hizo rangi zinazokwanguliwa zilikuwa nzima, zimepauka tu, na rangi ilopauka unaweza kuirudisha ukiijulia.

Ngoja nieleze kinachotokea. Gari nyingi zilotoka kiwandani zamani, kabla ya miaka ya 1980, zilipigwa rangi ya tabaka moja, yaani rangi yenyewe ndo inayong'ara, juu yake hamna kitu. Gari za sasa ni mbali kabisa, chini wanapiga rangi alafu juu wanapiga klia, ile isokuwa na rangi, na mng'aro wote uko kwenye klia. Sasa ile ya tabaka moja ikipigwa na jua letu hili mwaka baada ya mwaka, ile gundi inayozishika chembe za rangi inakufa kule juu, mafuta yanakauka, chembe zinabaki zimelegea, ndo ule unga unaoupata kidoleni ukipitisha mkono kwenye boneti. Nyekundu ndo inakwenda mbio kuliko zote, inageuka pinki, nyeupe inatoa unga mpaka kwenye nguo, kijani inaingia weupe weupe. Lakini huo unga ni wa juu tu, mwembamba mno, na chini yake rangi ile ile ya kiwandani ipo. Kama huamini fungua mlango uangalie ndani kwenye bawaba, pale jua halifiki, utaiona rangi ilivyokuwa siku gari inashuka melini.

Nyumbani kwetu Wete tunayo Land Rover ya marehemu baba, ile Series IIA walizotengeneza kuanzia 1961 mpaka 1971, kijani kile cha giza, ilikuwa inabeba magunia ya karafuu kutoka Mtambwe. Wasojua, bodi za Land Rover nyingi yake ni aluminiamu, kwa sababu zilipoanza 1948 Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita na aluminiamu ilikuwa tele, na hiyo ndo salama yake kwenye hewa ya chumvi kama yetu, ila chasi na ule ukuta wa mbele ya miguu ya dereva ni chuma na huko kutu inakula kweli kweli. Basi mlangoni pana jina la shamba limeandikwa kwa brashi na fundi wa zamani, herufi nyeupe, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa mpaka karibu na kitasa, na ukisogea karibu unaona pale brashi ilipoishiwa rangi akaichovya tena. Nikaipeleka gereji moja mjini kuuliza tu. Fundi akaizunguka mara moja akasema mzee hii toa rangi yote, piga filla, piga upya. Nikamuuliza na haya maandishi je? Akasema tutakubandikia stika. Nikaondoka nayo.

Ndo hapo nikaanza kuuliza na kusoma, na nilojifunza na kulifanya kwa mikono yangu ndo haya. Kwanza ioshe gari kwa shampuu ya gari, si sabuni ya unga ya kufulia, ile inazidi kuikausha rangi. Na maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, ukiyaacha yakauke juani yanaacha madoa meupe, kwa hiyo futa kwa kitambaa saa ile ile, na madoa ya zamani yanatoka kwa siki ilotiwa maji mengi, alafu suuza vizuri. Chini ya madigadi piga maji mpaka chumvi itoke.

Alafu jaribu mahali padogo pasipoonekana sana. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua. Kitambaa kikishika rangi ya gari ujue ni tabaka moja na kazi inawezekana. Kikitoka kichafu tu bila rangi ujue kuna klia juu, na kama hiyo klia imeshaanza kubanduka magamba hapo nisikudanganye, polishi haitosaidia, hiyo kweli inataka fundi rangi. Na ile rangi ya tabaka moja yenye vumbi la fedha ndani, metaliki, iendee taratibu sana maana ukiisugua unazifikia zile chembe za aluminiamu na inaweza kubadilika sura, jaribu kona moja uache kwanza uone.

Sasa hili ndo watu wengi hawalijui na ndo lilonifanya niandike. Msikimbilie kampaundi yenye makali, ile polishi nzito yenye msasa ndani. Rangi imekauka, inataka mafuta kwanza, kama ngozi ya mtu wakati wa kipupwe, huanzi kuikwaruza unaanza kuipaka mafuta. Yuko Mmarekani anaitwa Mike Phillips, mtaalamu wa polishi za gari, ndo alieipa sifa njia hii kwa gari za kale, na yeye alitumia glezi namba 7 ya Meguiar's, kampuni ya tangu 1901, polishi ya mafuta mengi isokuwa na makali. Kama huipati hiyo tafuta glezi yoyote isokuwa na msasa ndani yake. Unaipaka kwa taulo la pamba, nzito haswa, unaisugua kidogo iingie, alafu unaiacha usiku kucha kivulini. Asubuhi unaifuta, na kitambaa kitajaa rangi mpaka utaogopa, usiogope, huo ni ule unga uliokufa ndo unatoka. Kama rangi imekauka sana unarudia tena. Kwenye Land Rover yetu boneti ndo ilikunywa mafuta kuliko pahala pote, maana ndo inayotazama jua mchana kutwa, unapaka na baada ya muda unaona pameshakuwa pakavu, unapaka tena. Na kijani kikaanza kutoka chini taratibu, kwanza mabaka mabaka, alafu kikaungana.

Baada ya hapo ndo unapitisha polishi laini ya kumalizia, kwa mkono, kipande kidogo kidogo, na kitambaa unakigeuza kila mara maana kikishajaa unga unarudi kuisugua rangi kwa uchafu wake. Pembe na mikunjo ya bati usizikazanie, rangi pale ni nyembamba tangu kiwandani na ukizidisha unaona praima, ile rangi ya chini kabisa. Ndo maana siipendi mashine kwenye gari hizi kwa mtu asoizoea, sponji ya manyoya ikienda mbio juu ya pembe inachoma rangi kabla hujasema lo. Yale maandishi ya mlangoni nliyapitia kwa ncha ya kidole na kitambaa, bila kukandamiza, maana ile ni rangi ya brashi juu ya rangi, ina unene wake na pia inaweza kutoka. Imebaki, na sasa unaisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Mwisho ni nta. Ile nzuri inatokana na mti fulani wa Brazili wa jamaa ya mnazi, wanaiita karnauba, lakini hata ya kawaida inafaa ilimradi haina msasa. Kwa jua na chumvi ya kwetu irudieni kila miezi miwili mitatu, maana rangi ya tabaka moja haina klia ya kuilinda, nta ndo ngao yake, ukiiacha miaka itapauka tena. Kama huna banda basi weka chini ya kivuli, ila si chini ya mwembe wakati wa maembe, utomvu wake unaila rangi.

Kuna mambo nayaona mitaani nataka kuyasema wazi. Kufuta gari kwa dizeli au mafuta ya taa kunaipa mng'aro wa siku moja, kesho limeganda vumbi lote la barabara na mafuta yenyewe hayaifai rangi. Mafuta ya nazi yanavunda na yananata. Na walio wabaya zaidi ni wanaofutia oili ya breki, ile inang'arisha kweli kwa dakika chache kwa sababu inaiyeyusha rangi, na baadae inavimba na kubanduka. Tafadhalini jamani, oili ya breki isiguse rangi kabisa, na ikimwagika mwaga maji mengi hapo hapo.

Jengine ni afya. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, kwa hiyo mtu akipiga msasa mkavu na watoto wanacheza pembeni lile vumbi ni sumu. Polishi inafanyika kwa majimaji, vumbi haliruki, lakini hata hivyo vaa glavu na vitambaa vyake visifuliwe pamoja na nguo za nyumbani. Na upande wa kupuliza, rangi za siku hizi zinazochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi, zina kemikali zinazoweza kumtia mtu pumu ya maisha, na vijana wetu wanapuliza na kitambaa cha fulana puani, gereji ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kila gari inayorudi kung'ara kwa polishi ni gari moja isopulizwa hivyo.

Sasa ombi langu. Vituo vyetu vya Mafunzo ya Amali, Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji hapa kwetu, wanapowafundisha vijana kazi za gari wawafundishe na hii, kuitambua rangi ya tabaka moja, kuijaribu kwa kitambaa, kuilisha mafuta na kuisugua kwa mkono. Haitaki kompresa wala chumba cha kupulizia, inataka makopo mawili matatu, vitambaa na subira, kijana anaweza kuanza nayo barazani kwao. Wateja wapo, Vespa peke yake mjini Unguja ni kazi tosha, na hata mahoteli yenye gari za kale za kubebea maharusi wanatafuta mtu wa hivi hawampati. Na gazeti lako Mhariri, kama mtaweza, pigeni picha vyombo hivi vya zamani vilobakia na rangi yao ya kiwandani, mvitoe hata kimoja kimoja, watu wavione na wenyewe wajue wana kitu.

Kwa wale wa Wete na Konde wenye gari ilopauka na wanataka kuona kabla hawajaamua, Land Rover inaegeshwa karibu na soko la Wete siku nyingi asubuhi, ya kijani yenye maandishi mlangoni, njooni mpitishe mkono kwenye boneti.

Ni mimi msomaji wenu,
Wete, Pemba.