Mzee apimwe misuli kabla ya kutolewa bomba la kupumulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo familia za wagonjwa wazee huwa hazielezwi. Mzee akitoka chumba cha upasuaji akiwa amefumbua macho lakini hawezi kukohoa, anameza mate kwa shida na pumzi yake ni fupi, watu husema dawa ya usingizi ilimzidi. Nimefanya kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi kwa miaka mingi, na najua kwamba mara nyingine usingizi huwa umekwisha kabisa. Kilichobaki mwilini ni dawa ya kulegeza misuli.

Dawa hizo hazimlazi mtu wala hazitulizi maumivu. Kazi yake ni kuzuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli, ili bomba lipitishwe kooni bila kikwazo na mpasuaji asishindane na tumbo lililokaza. Zilianza kuzoeleka baada ya Harold Griffith na Enid Johnson kuitumia kurare, mojawapo ya dawa hizo, katika upasuaji mjini Montreal mwaka 1942. Leo tunatumia zaidi rokuroniamu, vekuroniamu, atrakuriamu na sisatrakuriamu.

Wengi hudhani kwamba mzee huzidiwa kwa sababu misuli yake ni dhaifu. Ukweli ni kwamba kiasi cha dawa kinachohitajika ndani ya damu ili kuulegeza msuli wa mzee kinakaribiana sana na cha kijana. Kinachotofautiana ni jinsi dawa inavyofika na inavyoondoka. Moyo wa mzee husukuma damu taratibu zaidi, kwa hiyo dawa huchelewa kufanya kazi, na hapo ndipo mtoa dawa asiye na subira huongeza dozi ilhali ile ya kwanza bado iko njiani. Maji ya mwili nayo yamepungua, na kwa kuwa dawa hizi huyeyuka katika maji, dozi ya kawaida humkolea zaidi. Rokuroniamu na vekuroniamu hutegemea sana ini, ambalo kwa umri huo limepungua ukubwa na hupitiwa na damu kidogo, hivyo muda wake wa kukaa mwilini hurefuka, tena kwa namna isiyotabirika kati ya mzee na mzee. Figo, kuanzia umri wa miaka 40 hivi, hupoteza uwezo wa kuchuja wa takriban mililita 1 kwa dakika kila mwaka, na majibu ya maabara yanaweza kutuficha jambo hilo: kreatinini, taka ya damuni tunayoitumia kupimia kazi ya figo, hutokana na misuli, na mzee aliyekonda huizalisha kidogo, kwa hiyo kipimo chake huweza kuonekana kizuri ilhali figo zimechoka. Sisatrakuriamu ina nafuu kubwa kwa kuwa huvunjika yenyewe kwa joto na hali ya asidi ya mwili, ingawa mzee akiachwa apoe mezani, nayo hukawia.

Kwa sababu hizo zote, saa ya ukutani haiwezi kutuambia kwamba misuli ya mzee imerudi. Macho yetu pia hayawezi. Tangu mwaka 1970 tunajua njia ya kuishtua neva ya mkononi kwa umeme mdogo mara nne mfululizo, kila baada ya nusu sekunde, kisha kulinganisha nguvu ya mshtuko wa nne wa kidole gumba na ya ule wa kwanza. Uwiano ukifika 0.9, misuli ya koo na ya kupumua inaaminika. Anayekitazama kidole au kukigusa tu huacha kuiona tofauti mara uwiano unapopita 0.4, na kati ya namba hizo mbili ndipo mgonjwa huonekana amepona ilhali koo lake bado limelegea. Kijana mara nyingi huvuka salama. Mzee, ambaye kikohozi chake kilikuwa hafifu hata kabla ya upasuaji, huweza kuvuta mate au matapishi mapafuni na kupata nimonia. Kumwambia ainue kichwa kwa sekunde tano, kama wengi wetu tulivyofundishwa, hakutoshi.

Wenzangu watasema dawa za kurudisha nguvu zipo. Zipo, lakini neostigmini haiwezi kuuondoa ulegevu ambao bado ni mzito, na sugamadeksi, ambayo kati ya dawa nilizozitaja huikamata rokuroniamu na vekuroniamu pekee, huchukua muda mrefu zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Baada ya kuzitoa, bado inabidi kupima. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliuhimiza upimaji wa namba katika mwongozo wake wa mwaka 2023, na sioni kwa nini hospitali yoyote inayowapasua wazee iendelee kubahatisha.

Ombi langu ni kwamba kifaa cha kuishtua neva na kusoma uwiano huo kiwepo kila anapopasuliwa mzee, na namba iliyosomwa kabla ya bomba kutolewa iandikwe kwenye faili lake. Nanyi wenye wazazi wanaosubiri upasuaji, muulizeni mapema mtaalamu wa usingizi: misuli ya mzee wetu utaipima kwa kifaa gani? Ni swali la haki, na mtaalamu makini atalijibu bila kuudhika.

Ni mimi msomaji wako,
Mtaalamu wa dawa za usingizi