Msiishie mstari wa tatu: barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya sala

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Kila Kwaresima ikiingia mnakimbilia Zaburi ya 51. Ni njema, siwakatazi. Ila ile ina kichwa chenye jina la Daudi na habari ya Bathsheba, na kijana ambaye kosa lake ni jingine huishia kumtubia Daudi. Katika zile zaburi saba za toba (6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143) nawashauri mshike ya 130. Ina mistari minane tu, haitaji kosa wala mkosaji. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa, aliifanyia utenzi uliochapwa mwaka 1524, na Wakatoliki huisali Jumatano katika sala ya usiku.

Isomeni kabla ya kulala, kwa sauti, simu ikiwa chumba kingine. Mara ya kwanza pita moja kwa moja hadi mwisho. Mara ya pili simama baada ya mstari wa 2, ulitaje kosa lako kwa jina lake. “Nisamehe yote niliyokosa” haitoshi. Sema: nimekula fedha za mchango; nimemsingizia fulani. Ukiandika karatasini, ichane usiku huohuo, maana karatasi za namna hiyo hazikosi msomaji.

Sasa hapa ndipo wengi huharibu. Mstari wa 3 unauliza: kama Bwana angehesabu maovu, nani angesimama? Mtu akifika hapo hulia, hujilaani, hufunga Biblia, akadhani ametubu. Kesho anaanza upya na kosa lilelile, keshokutwa vilevile. Swali lile halikuwekwa pale ulijibu kwa kujihesabia. Linajibiwa na mstari wa 4: “Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe.” Basi someni wa 3 na wa 4 kwa pumzi moja, bila kituo. Na angalieni mpangilio: msamaha umetangulia, kumcha Mungu kumefuata. Wapo viongozi wa maombi wanaogeuza, wakawatisha watu kwanza ili wastahili kusamehewa. Zaburi haisemi hivyo.

Mara ya tatu, ukifika mstari wa 6, nyamaza dakika tano. Mwombaji anangoja kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Mlinzi wa usiku haleti alfajiri. Kazi yake ni kukesha, na alfajiri huja yenyewe. Kwa hiyo usijipime kwa machozi wala kwa kusikia wepesi kifuani. John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, alipewa ukasisi mwaka 1728. Alasiri ya tarehe 24 Mei 1738 aliisikia zaburi hii ikiimbwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, na jioni ile ndipo alipopata uhakika kwamba dhambi zake zimeondolewa. Karibu miaka kumi madhabahuni! Wewe unakata tamaa wiki ya pili.

Zaburi haichukui nafasi ya kwenda kwa uliyemkosea. Fedha zirudishwe, hata kwa mafungu. Uliyemsingizia asafishwe mbele ya walewale waliosikia uongo. Asipokusamehe, usimsomee mstari wa 4 kama hati ya madai. Mkatoliki aende kitubio. Wengine mwoneni mchungaji faraghani. Dhambi za siri msizimwage katika kundi la simu la kwaya, nawasihi. Na mwenye hatia isiyomwacha ale wala alale, au anayewaza kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Kumwongezea mfungo ni kumuumiza.

Mistari miwili ya mwisho inaacha “mimi” na kuwaita Israeli wote. Hiyo someni pamoja mkikutana, mkimkumbuka yule aliyeacha kuja kwa aibu. Halafu wawili wenu wamtembelee nyumbani, bila kumhoji.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa.