Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: simu zetu haziujui mtaro

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mkazi wa Magomeni nisiyeona, natembea na fimbo nyeupe mkononi na simu kifuani. Nakuomba picha za barabara zetu.

Fimbo hunipa habari za kutoka ardhini hadi kiunoni. Turubai la machinga lililofungwa usawa wa uso, bango la chuma, mlango wa roli ulioachwa wazi: hivyo fimbo huvipita chini, paji la uso ndilo linalovikuta. Hapo kamera ya simu ina kazi. Programu kama Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft tayari husoma maandishi na kutaja vitu vilivyo mbele.

Lakini mitambo iliyo ndani ya programu hizi hufundishwa kwa picha ambazo binadamu ameshazitia majina ya vitu vilivyomo. Mkusanyo mmoja maarufu wa picha hizo, COCO wa mwaka 2014, ambao watafiti wengi wameutumia, una aina 80 za vitu. Humo kuna bomba la zimamoto la kando ya barabara, mashine ya kulipia maegesho, hata ubao wa kutelezea kwenye theluji (tuusubiri Ubungo). Bajaji haimo. Mkokoteni haumo, wala mtaro uliokosa mfuniko. Mtambo uliosomea hapo ukiiona bajaji huenda ukaiita gari au pikipiki, na hilo navumilia, maana vyote nitavikwepa. Balaa ni mtaro: hautajwi kabisa, na simu ikinyamaza mtu hudhani njia nyeupe.

Wizara yako, kupitia Tume ya TEHAMA, igharamie mkusanyo wa picha za Kariakoo, Manzese, Mbagala na vituo vya mwendokasi. Zipigwe usawa wa kifua cha mtembea kwa miguu, si kutoka dirishani mwa gari. Zipigwe jioni kiza kinapoingia, na wakati wa masika maji yakiwa yamefunika mashimo. Nyuso na namba za magari zifichwe, kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kisha vijana wa vyuo wapewe picha hizo bure, wafundishie mtambo wetu. Mtambo mdogo wa kutambua vitu unaweza kukaa ndani ya simu na kufanya kazi bila bando, na bando ndilo linalotukwamisha wengi.

Wanaoujaribu mtambo huo wawe wasioona, wapatikane kupitia Chama cha Wasioona Tanzania, na walipwe ujira. Tumechoka kuitwa kwenye uzinduzi, kupigwa picha na kupewa soda. Yapo mambo mhandisi anayeona hayamjii: sauti iseme "mtaro, kushoto" basi, isihutubie, kwa sababu barabara naivuka kwa kusikiliza, na maneno mengi hufunika mlio wa bodaboda inayokuja kinyume.

Najua mifuniko ya mitaro si ya wizara yako. Ila mwenzako wa TAMISEMI, anayesimamia serikali za mitaa, mnakaa naye baraza moja, mwambie.

Jibu likija, naomba lisiwe barua iliyoskaniwa. Programu inayonisomea simu ikikuta karatasi iliyogeuzwa picha huniambia "picha" tu, na mhuri wako, Mheshimiwa, sitaujua umesema nini.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Magomeni, Dar es Salaam