Shukrani kwa mzee wa bisibisi fupi pale Darajani

Jamani jina lake sikuuliza na namba sikuchukua, ila yule mzee wa kofia ya viua aliyenikuta juzi Darajani nahangaika na vespa yangu, PX ya zamani, shukrani zangu zikufikie popote ulipo. Kila nikiachia mafuta inazima, nikivuta inatoa moshi kama jiko la kuni, na mafundi wawili walishaniambia ninunue kabureta mpya, nikawa nishaanza kuulizia bei kabisa.

Mzee wala kabureta hakuifungua. Alichomoa plagi akaiangalia, nyeusi tii imelowa, akacheka, "mwanangu hii inakunywa mafuta kuliko hewa". Akatoa kile kipira kidogo nyuma ya boksi la kabureta (mi miaka 3 ninayo sijawahi kujua kina kazi gani), akaingiza bisibisi, akafunga skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa taratibu mpaka ikagusa, akasema usikaze utaharibu ncha, halafu akairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu, akawasha akaiacha ipate moto kwanza, kisha akawa anafungua robo robo kaitegea sikio, mpaka ikatulia yenyewe tuk tuk tuk. Ndo akamalizia na ile skrubu ya juu ya sailensi (ile ya mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta).

Hela kakataa katakata, nimemlazimisha kahawa na kashata tu. Mzee wangu, Mungu akuzidishie, jana nimekwenda Nungwi na kurudi haijazima hata mara moja.