Trela la aluminiamu: mashine ya kung'arisha na mashine ya kutoa kioo

Wateja wetu wengi ni madereva wa malori. Wakenya, Watanzania, Wakongo, wanapita hapa Columbus, Ohio, na mzigo wa kwenda au wa kurudi, wanatuachia rimu na matangi ya mafuta, na wakirudi kuchukua wanajiona uso kwenye tangi. Hiyo ndiyo kazi iliyotulisha tangu tufungue. Siku hizi simu zimebadilika. Watu wamenunua matrela ya zamani ya kutalii, yale ya aluminiamu yenye umbo la yai, hasa Airstream. Wengine wanataka kusafiri na watoto, wengine wanataka kutoboa dirisha ubavuni wauze chapati na pilau. Swali la wote ni moja: "Fundi, ninunue mashine gani ya polishi?"

Jibu letu ni mbili. Kama mfuko unaruhusu moja tu, nunua ile ya kuzunguka, na ya pili uje uikodi hapa kwa wikendi. Wakisikia hivyo wengi wanadhani tunatafuta biashara. Basi ngoja nieleze.

Nyumbani Tanga sufuria zilisuguliwa kwa majivu na kumbi la nazi. Zikianikwa kichanjani jua likizipiga, unakunja jicho. Lakini shika moja uitazame kwa karibu: mikwaruzo mitupu, imezunguka kufuata mkono wa aliyesugua. Inang'aa, ila huwezi kuitumia kunyolea ndevu. Trela nalo ni hivyo. Kuna kazi ya kuondoa ukungu wa miaka sitini, na kuna kazi ya kuondoa mikwaruzo iliyoachwa na ile kazi ya kwanza. Mashine inayoweza moja haiiwezi nyingine, hata muuzaji akuapie.

Kabla hujatoa pesa, ijue ngozi ya trela lako. Chukua kitambaa cheupe, paka polishi kidogo ya chuma, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini karibu na tairi. Kitambaa kikiwa cheusi ndani ya nusu dakika, umegusa aluminiamu yenyewe, endelea. Kisipobadilika rangi, simama. Airstream za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zilitoka kiwandani zimepakwa klia, yaani rangi angavu ya kulinda bati, na hiyo klia haiondolewi kwa mashine ya polishi. Inaondolewa kwa dawa ya kuvulia rangi, na utaijua kwa sababu ikizeeka inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Matrela ya Avion ni kesi nyingine: aluminiamu yake ilipitishwa kiwandani kwenye umeme na asidi ikapata gamba gumu la kijivu. Hilo usilipige polishi hata kidogo. Ukilitoboa umeharibu, na hakuna wa kukurudishia. Kwa matrela mapya ya aina yoyote yenye klia nzima, maji, sabuni na nta vinatosha, hifadhi hela zako.

Yanayofaa hasa ni ya zamani: Airstream za miaka ya 1950, au Spartan zilizotengenezwa Tulsa, Oklahoma, na kampuni iliyoanza kwa kuunda ndege. Mabati yake ni yale yale ya ndege, yanaitwa Alclad. Ndani ni aluminiamu iliyochanganywa na shaba ili iwe na nguvu, nje yamevikwa aluminiamu safi ili yasiliwe na unyevu. Ile safi ndiyo inayotoa kioo. Sasa tazama unene. Bati lenyewe ni kama milimita 0.8, na lile vazi la nje kwa kila upande ni kama asilimia 5 ya hapo, yaani milimita 0.04. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hilo. Kila unaposimamisha mashine mahali pamoja ukimwaza mtu mwingine, unakula katika huo unywele.

(Na kwa anayedhani haya ni mambo ya huku tu: mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na Kenya walipita. Mama wa Nakuru anayemgombeza mumewe kwa kuleta kopo la Kizungu uani, huenda babu yake alisimama kando ya barabara akayatazama yakipita.)

Turudi kwenye mashine. Ya kwanza, ya kuzunguka, ni ile ambayo pedi yake inazunguka kama gurudumu, duara moja, upande mmoja. Hiyo ndiyo inayokata. Tafuta yenye pedi ya inchi 7 au 8, yenye kidude cha kurekebisha kasi, na inayoanza polepole ukibonyeza. Sisi tunatumia Makita 9227C, inakwenda kutoka mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika na ina uzito wa kama kilo 3. DeWalt DWP849X nayo inafanya kazi hiyo vizuri. Kipimo cha kutazama kwenye boksi ni ampea: chini ya 10, ukiegemeza mkono kidogo tu inalegea na kuanza kunuka. Zile za dola hamsini za kupakia nta kwenye gari dogo, zenye mikono miwili kama usukani, ni za nta kweli. Kwenye aluminiamu iliyozeeka zinapapasa.

Wengi wana grenda nyumbani na wanauliza kama wakifunga pedi ya manyoya haitatosha. Piga hesabu. Pedi ya sentimita 20 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama kilomita 75 kwa saa. Grenda ya kawaida inazunguka mara 11,000. Pedi ile ile hapo ukingo wake unapita kilomita 400 kwa saa, kama haijapasuka ikakurukia usoni kabla. Polishi inakauka papo hapo, bati linachemka, na lile vazi la unywele linakwenda.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Trela la kwanza nililopiga, nilikuwa nimetoka kwenye matangi ya malori, na tangi la lori ni nene, linavumilia. Niliiweka mashine ya kuzunguka kasi ya juu kabisa, nikaing'ang'aniza kwenye mstari wa ribiti penye doa lisilotaka kutoka. Doa lilitoka. Mahali pake pakabaki baka la ukubwa wa kiganja, lina kijivu cha namna yake, halifanani na bati lililolizunguka. Nikazidi kupiga, likazidi kupanuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye aluminiamu ya ndani. Mwenye trela alikuwa mzee mstaarabu, akasema tu, "Hapo nitaweka stika." Bado nakumbuka stika yenyewe: samaki.

Tangu hapo sivuki 2,000, na kwenye ribiti nashuka 1,500 au chini ya hapo. Polishi tunayotumia ni Nuvite, ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, na inauzwa kwa herufi: F7 ya kukata, C ya kati, S ya kumalizia. Ipo na F9 kwa mabati yaliyoharibika sana, lakini anza na F7, ukiona haifiki ndipo uongeze ukali. Unachovya kidole, unatia vitone kadiri ya punje ya mbaazi kwenye eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, basi. Ukipaka kama siagi kwenye mkate unapoteza pesa, maana polishi ni ghali. Washa mashine pedi ikiwa imeshagusa bati, isambaze polishi kwa kasi ndogo, kisha panda. Inua ukingo wa pedi kidogo sana, kama unene wa sarafu. Baada ya sekunde chache bati litakuwa jeusi tii, na hapo ndipo wanaoanza wanaponipigia simu wakidhani wameharibu. Ule weusi ni aluminiamu iliyotoka pamoja na ukungu wake. Endelea kupitisha, taratibu, kulia kushoto kisha juu chini, mpaka weusi uanze kujifuta wenyewe na uso uanze kuonekana. Simama kabla haujakauka kabisa.

Sikiliza sauti pia. Pedi ikiwa safi, mashine inavuma. Pedi ikijaa uchafu mweusi inaanza kuparaza, na hapo unachora bati badala ya kulipiga polishi. Isafishe kwa kigurudumu cha meno cha kusafishia pedi kila baada ya vipande viwili vitatu. Mimi hununua pedi za manyoya ya kondoo sita kwa trela moja na sijawahi kujuta. Kwenye kiungo cha mabati, pedi izunguke ikitoka kwenye ukingo wa bati, isiingie. Ikiingia itaukamata ukingo na mashine itakuruka mikononi.

Fanya haya yote kivulini. Bati likiwa la moto kwa jua, polishi inaganda kama ugali uliosahaulika kwenye sufuria.

Ukimaliza hatua hiyo utafurahi, utapiga picha, utawatumia ndugu. Kisha jioni jua litalala, mwanga utapita ubavuni, na utaona duara juu ya duara, kama buibui amefuma trela zima. Hiyo ndiyo sufuria ya Tanga. Mashine ya kuzunguka haiwezi kuyafuta maduara hayo kwa sababu ndiyo inayoyachora, hata ukiweka polishi laini kiasi gani.

Hapo inaingia ya pili. Wapenzi wa matrela ya zamani wanatumia Cyclo, mashine yenye vichwa viwili vya inchi 4 vinavyozunguka huku vinayumba, kila kimoja kikikanyaga njia ya mwenzake. Mikwaruzo yake ni midogo mno na inaelekea kila upande, kwa hiyo jicho halipati mstari wa kuufuata, linaona kioo. Vichwa viwili vinasawazishana, mashine inatulia mkononi badala ya kukutetemesha mpaka meno. Juu ya vichwa usiweke manyoya. Tunakata kitambaa cha sweta la pamba, lile ambalo upande wake wa ndani una vinyweleo, tunavika vichwa vyote viwili, tunatia polishi ya S, na kitambaa kikiwa cheusi tunabadilisha. Sweta za mitumba zinafaa mno kwa kazi hii, ilimradi ziwe pamba tupu. Toa zipu na vifungo kwanza.

Je, zile mashine za kichwa kimoja kinachoyumba, ambazo wanaosafisha magari wanazo, zinaweza? Za kumalizia zinaweza, kwa uvumilivu. Kama unayo tayari, ijaribu kwenye kipande kimoja kabla ya kukodi Cyclo. Za kukata, hapana. Mteja mmoja alijitahidi nayo wikendi tatu, akaishia na trela safi lisilo na kioo, na bega bovu.

Kwenye ncha za trela, mbele na nyuma, bati limekatwa vipande vipande kama chungwa lililomenywa, na kila kipande kimepinda. Pedi ya inchi 8 haikai pale, inagusa katikati tu. Nunua na sahani ndogo ya inchi 4 au 5 ya kufunga kwenye mashine ile ile ya kuzunguka. Sehemu hizo mbili zinakula muda karibu sawa na ubavu mzima.

Umeme: usiunganishe ekstensheni nyembamba mbili tatu. Kwa mita 15 kwenda juu tumia waya wa geji 12, la sivyo mota inakosa nguvu na kuungua taratibu. Mashine za betri sijaona iliyomaliza hata ubavu mmoja bila kubadilisha betri kila mara. Vaa barakoa, miwani na nguo utakayoitupa. Ule weusi hautoki kwenye kanzu.

Kuhusu muda, nitasema kweli maana wengi wanakata tamaa katikati. Trela la mita 6 au 7 ambalo halijaguswa miaka mingi hutuchukua saa mia na zaidi, na sisi tumezoea. Peke yako, weka wikendi za miezi kadhaa. Paa si lazima, hakuna anayeliona isipokuwa ndege. Sisi huishia pale mtu mrefu anapoweza kuona, mteja akitaka juu zaidi tunaongeza bei.

Cyclo za kukodi tunazo mbili, pamoja na vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Kabla ya kuja, tutumie picha ya kile kitambaa cheupe ulichosugulia, na picha ya bati karibu na ribiti. Kama kuna mistari myeupe inayotambaa kama minyoo kutoka ukingoni, tutakuambia mapema: hiyo ni kutu ya aluminiamu, imekula ndani, na polishi italing'arisha bati huku minyoo ikibaki.